Refraktomita Inapima Nini Hasa?

Refraktomita haipimi sukari. Haipimi chumvi, haipimi maji yaliyomo kwenye asali, wala haipimi uzito wa mkojo. Inapima kitu kimoja tu: mwanga unapinda kiasi gani unapoingia kwenye kimiminika. Namba nyingine zote tunazosoma, iwe kwenye kifaa cha mkononi anachobeba mnunuzi wa asali huko Sikonge au kwenye kile kilichofungwa ndani ya bomba la kiwanda, zimetokana na jedwali. Kuna mtu aliyepima myeyusho alioujua vizuri, akaandika mwanga ulipinda vipi kwa kila kiwango, na kifaa kinatusomea jedwali lake. Kimiminika chetu kikiwa ni kile kile alichokipima yeye, kwa joto lile lile, basi namba hiyo ni miongoni mwa namba za kuaminika kabisa katika maabara. Kikiwa ni kingine, namba hutoka vile vile, na desimali zake, bila dalili yoyote ya kumwonya msomaji.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu namba hizo zinaamua malipo. Miwa hulipwa kwazo, asali hukataliwa kwazo, zabibu huambiwa zisubiri wiki moja zaidi kwazo, na mwanariadha hubakizwa kwenye chumba cha kupimwa kwazo. Aghalabu anayeuza hana kifaa, na anayenunua anacho. Kwa hiyo swali la refraktomita inajua nini na haijui nini linawahusu watu wengi zaidi ya wanakemia.

Mwanga husafiri polepole zaidi majini kuliko hewani, na ukivuka mpaka kwa mshazari hubadili mwelekeo. Mvuvi anayechoma samaki kwa mkuki analijua hilo bila kusoma fizikia: hulenga chini ya pale anapomwona samaki. Kanuni yenyewe ilishaandikwa na Ibn Sahl wa Baghdad mnamo 984, na Mholanzi Willebrord Snellius akaifikia tena kwa njia yake mwaka 1621. Kila kimiminika kina namba yake, ambayo hapa nitaiita fahirisi ya mpindo. Maji safi kwenye nyuzi joto 20, yakiangaziwa kwa mwanga wa njano wa sodiamu wa nanomita 589, yana 1.3330. Ethanoli ina 1.3614, gliserini 1.473, na mafuta mengi ya kula hukaa karibu na 1.47. Ukiyeyusha sukari majini namba hupanda kwa utaratibu: gramu 10 za sukari katika gramu 100 za myeyusho huleta 1.3478, gramu 50 huleta 1.4201. Tofauti ni ndogo sana kwa macho, lakini kifaa kizuri husoma hadi desimali ya nne au ya tano bila taabu.

Aliyekileta kifaa hicho mezani ni Ernst Abbe, mwanafizikia wa Jena, Ujerumani, aliyefanya kazi na Carl Zeiss. Alitengeneza refraktomita yake ya kwanza mwaka 1869 na kuchapisha maelezo yake mwaka 1874. Hakuhitaji kufuatilia mshale wa mwanga ukipita ndani ya kimiminika. Alitumia kioo cha prizimu chenye fahirisi kubwa, akaweka kimiminika juu yake. Mwanga unaotoka kwenye kioo kuelekea kwenye kimiminika hupita mpaka pembe fulani. Ukizidi pembe hiyo, haupiti tena, unarudi wote ndani ya kioo. Ndiyo maana ukichungulia kwenye refraktomita unaona duara lililogawanyika, upande mmoja mweupe na mwingine mweusi au wa buluu. Mpaka wa pande hizo mbili ndio kipimo. Ukisogea, kimiminika kimebadilika.

Faida ilionekana mara moja. Haidromita, ile chupa ya kioo inayoelea, inahitaji mtungi mzima wa kimiminika na subira ya mapovu kuisha. Kukausha sampuli kwenye oveni na kupima kilichobaki huchukua saa nyingi. Refraktomita inataka tone moja au mawili, na jibu linapatikana kabla hujamaliza kufunga kifuniko. Vifaa vya kidijitali vya leo vina taa ndogo na kihisi cha mwanga badala ya jicho, na kwa kuwa vinasoma mwanga unaorudi kwenye kioo, vinaweza kupima hata molasi nyeusi au nyanya iliyosagwa. Kile cha mkononi kinachoelekezwa juani hupitisha mwanga ndani ya kimiminika chenyewe, hivyo molasi hukipa mpaka wenye ukungu usiosomeka vizuri.

Sasa tuje kwenye sukari. Skeli inayojulikana kuliko zote ni ya Brix, kutokana na Adolf Brix, Mjerumani wa karne ya 19, aliyesahihisha majedwali ya mtangulizi wake, Karl Balling. Brix 1 maana yake ni gramu moja ya sukari ya miwa katika gramu 100 za myeyusho. Majedwali hayo ya mwanzo yalitegemea uzito wa myeyusho na haidromita. Kuunganishwa na mpindo wa mwanga kulifuata baadaye. Na yaliandikwa kwa sukari safi ndani ya maji safi. Hakuna shamba lolote duniani linalotoa sukari safi ndani ya maji safi.

Maji ya miwa yana sukari ya miwa, yaani sukrosi, lakini pia yana glukosi, fruktosi, asidi, madini, protini na gundi za mmea. Vyote vimeyeyuka, vyote vinapinda mwanga, na refraktomita inavihesabu vyote kana kwamba ni sukrosi. Kiwandani sukrosi ndiyo inayogeuka kuwa fuwele na kuingia kwenye gunia. Kilichobaki huishia kwenye molasi na huzuia hata sehemu ya sukrosi isigande. Kwa hiyo maabara ya kiwanda cha sukari huwa na kifaa cha pili, polarimita, kinachopima jinsi myeyusho unavyozungusha mwanga uliopangwa katika mwelekeo mmoja. Namba yake huitwa Pol, nayo iko karibu zaidi na sukrosi. Pol ikigawanywa kwa Brix na kuzidishwa kwa 100, inapatikana asilimia ya usafi.

Chukua mizigo miwili ya miwa, yote ikisoma Brix 20. Wa kwanza una Pol 17, usafi wake ni asilimia 85. Wa pili una Pol 15, usafi asilimia 75. Kwa kila kilo 100 za maji ya miwa, mmoja umebeba takriban kilo mbili za sukari zaidi ya mwingine, na refraktomita haikuona tofauti yoyote.

Kuna hali moja ambayo ni mbaya zaidi, na kila mkulima anayesubiri lori anaifahamu kwa machungu. Miwa ikikatwa, hasa ikiwa imechomwa moto kabla ya kukatwa, huanza kuharibika. Vimeng'enya hugawa sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, na bakteria wa jamii ya Leuconostoc huila na kuacha gundi inayoitwa dekstrani. Lakini glukosi na fruktosi hupinda mwanga karibu sawa na sukrosi. Juu ya hayo, miwa iliyolala juani hupoteza maji, hivyo kilichomo kinazidi kukolea. Matokeo yake Brix inaweza kubaki pale pale, au hata kupanda, huku sukari ya kuganda ikipungua siku hadi siku. Anayetazama refraktomita peke yake ataona miwa inaboreka ilhali inaoza.

Shambani, kabla ya kukata, kifaa hicho hicho kina manufaa makubwa. Mtaalamu hutoboa muwa karibu na mizizi na tena karibu na kilele, akapima tone kutoka kila upande. Muwa mchanga una sukari nyingi chini na kidogo juu. Namba mbili zikikaribiana, umekomaa. Hapa haijalishi sana kwamba Brix haisemi sukrosi peke yake, kwa sababu tunalinganisha muwa na muwa wenyewe. Kulinganisha ni kazi ambayo refraktomita huifanya vizuri kuliko kutoa hukumu ya kiasi, na ningependa maofisa ugani walieleze hilo wazi kwa wakulima.

Katika bonde la Kilombero wakulima wa nje hulipwa kwa kuzingatia uzito wa miwa pamoja na sukari iliyomo. Kenya kwa miaka mingi malipo yamekuwa kwa tani, na mjadala wa kuhamia kwenye ubora umekuwa mrefu na mkali. Mimi naamini malipo kwa ubora ni ya haki zaidi: aliyetunza shamba na kukata kwa wakati asilipwe sawa na aliyeleta miwa michanga. Lakini haki hiyo inasimama juu ya maabara. Mkulima anayelipwa kwa tani anaweza kuitazama mizani. Anayelipwa kwa sukari analetewa karatasi. Kama miwa yake ilikaa siku tatu kwenye foleni kwa sababu ya ubovu wa mashine ambao hakuusababisha yeye, Pol itakayoandikwa ni ya siku ya tatu, na hasara itakuwa kwenye akaunti yake. Kipimo kitakuwa sahihi kabisa, na mkulima atakuwa ameonewa kabisa.

Asali inafundisha jambo tofauti: joto. Kiwango cha kimataifa cha chakula, Codex, kinataka maji kwenye asali yasizidi asilimia 20. Sababu yake ni ya kimaumbile: chachu zinazovumilia sukari nyingi huamka pale maji yanapozidi, asali ikachacha na kutoa povu ndani ya pipa. Jedwali la kubadili mpindo kuwa asilimia ya maji lilitayarishwa na Chataway huko Kanada mwaka 1932, likaboreshwa na Wedmore mwaka 1955, nalo ndilo linalotumika hadi leo. Asali yenye maji asilimia 20 ina fahirisi ya takriban 1.4865 kwenye nyuzi joto 20. Kila asilimia moja ya maji inayoongezeka hushusha fahirisi kwa takriban 0.0025.

Tatizo ni kwamba joto nalo huishusha. Kwa asali, kila nyuzi moja juu ya 20 hupunguza 0.00023. Fanya hesabu ya mchana wa Tabora, kwenye ghala la mabati, nyuzi joto 30: fahirisi imeshuka kwa 0.0023, ambayo kwenye jedwali inaonekana kama asilimia 0.9 ya maji yaliyozidi. Asali yenye maji asilimia 19.5, iliyo halali kabisa, itasomeka 20.4 na kukataliwa. Mrina asali aliyeivuna ikiwa imefunikwa nta vizuri, akaichuja, akaibeba kutoka msituni, ataambiwa ameivuna kabla ya wakati. Vifaa vingi vya mkononi vina kipande cha metali mbili kinachosogeza skeli kulingana na joto, kwa kawaida kati ya nyuzi 10 na 30. Lakini hicho hufuata joto la kifaa, hakijui joto la asali iliyodondoshwa muda huo huo kutoka kwenye pipa lililokaa juani. Lazima tone lisubiri kidogo juu ya kioo mpaka lilingane na kifaa, na kifaa chenyewe kisiwe kimeshikwa mkononi kwa nusu saa.

Kuna pia ugumu mwingine wa asali ambao wauzaji wa vifaa hawausemi sana. Refraktomita ya maji ya matunda hukaguliwa kwa tone la maji yaliyotoneshwa: mstari ukisimama kwenye sifuri, angalau mwanzo wa skeli uko sawa. Skeli ya asali haina sifuri hiyo. Inaanza mbali, kwenye sukari nyingi. Kuikagua kunahitaji kimiminika maalumu chenye fahirisi inayojulikana, au kipande cha kioo kinachokuja na kifaa. Wafuga nyuki wengine hutumia mafuta safi ya zeituni, ambayo hukaa karibu na Brix 71 au 72. Ni njia ya kubahatisha kidogo, lakini ni bora kuliko kutokagua. Asali iliyoganda nayo haipimwi hivi hivi. Huyeyushwa polepole kwenye chupa iliyofungwa, karibu nyuzi 50, kisha hupozwa na kukorogwa, la sivyo unapima kile kilichobaki majimaji kati ya fuwele na kupata maji mengi kuliko yaliyomo.

Na hapa niseme lile linalonisumbua zaidi kuhusu asali. Watu wanaogopa asali bandia, na wamebuni vipimo vya nyumbani vya kila aina: njiti ya kiberiti, karatasi, mchwa, glasi ya maji. Wengine sasa wananunua refraktomita wakidhani imemaliza ubishi. Haijamaliza. Sukari iliyochemshwa mpaka ikakolea, yenye maji asilimia 18, itasoma maji asilimia 18 na kupita kwa heshima zote. Ili kumkamata mchanganyaji aliyetumia sukari ya miwa au sharubati ya mahindi, maabara huangalia isotopu za kaboni, kwa sababu mimea hiyo miwili hufyonza kaboni kwa njia tofauti na maua mengi yanayotembelewa na nyuki. Huo ni uchunguzi wa mashine kubwa na gharama kubwa. Kwa upande mwingine, asali halisi ya nyuki wadogo wasiouma kwa kawaida ina maji zaidi ya asilimia 20. Hiyo ndiyo asili yake, na kuihukumu kwa jedwali la nyuki wakubwa ni kuikosea.

Pemba kuna mfano mzuri wa kifaa hiki kikitumika kama mlinzi wa mlango. Mafuta ya karafuu, yawe ya makonyo (vikonyo vyake), ya majani au ya karafuu zenyewe, hutolewa kwa mvuke, na kiungo chake kikuu ni yujenoli, chenye fahirisi ya takriban 1.541. Kiwango cha kimataifa cha mafuta ya karafuu huweka fahirisi kati ya 1.528 na 1.538 kwenye nyuzi joto 20. Tuseme pipa lina mafuta ya 1.533, na mtu akachanganya asilimia 10 ya mafuta ya kula yenye 1.470. Fahirisi itashuka hadi karibu 1.527, nje ya mpaka, na mchezo umekamatwa kwa tone moja. Akichanganya asilimia 5, itakuwa kama 1.530. Imepita. Mafuta ya majani nayo yana fahirisi inayoingiliana na ya karafuu zenyewe, ingawa bei si moja. Refraktomita hapa inaweza kusema "hapana" kwa uhakika. Haiwezi kusema "ndiyo" kwa uhakika. Ukiona nje ya mpaka, kuna jambo. Ukiona ndani, bado hujajua.

Huko Ulaya kifaa hiki kilipata kazi ya ulinzi wa namna hiyo mapema. Majarini ilivumbuliwa Ufaransa mwaka 1869 na Hippolyte Mège-Mouriès, mwaka ule ule wa refraktomita ya Abbe, na haikuchukua muda watu wakaanza kuiuza kwa jina la siagi. Zeiss wakatengeneza refraktomita maalumu ya siagi, yenye skeli yake, ili mkaguzi wa soko ayeyushe kipande na kutazama.

Kimiminika kinachoipotosha refraktomita kuliko vyote ni pombe. Mwenye kiwanda cha mvinyo Dodoma hupima zabibu kwenye shamba, akasubiri mpaka Brix ifike anapotaka, na mpaka hapo kifaa ni rafiki yake. Lakini chachu ikishaanza kazi, sukari inageuka ethanoli, na ethanoli nayo hupinda mwanga zaidi ya maji. Zabibu zilizoanza na Brix 22 zinaweza kumaliza sukari yote na bado kifaa kikasoma takriban 7. Asiyejua atadhani mvinyo umekwama njiani, na akaongeza chachu bure. Ukishaanza kuchachusha, rudi kwenye haidromita, au tumia hesabu ya marekebisho inayohitaji namba ya mwanzo.

Kwenye spiriti mambo ni magumu zaidi. Ukiongeza ethanoli kwenye maji fahirisi hupanda, lakini haipandi hadi mwisho: hufika kilele karibu na asilimia 80 kwa uzito, kisha hushuka. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na ethanoli tupu vina fahirisi karibu sawa, 1.3616 na 1.3614. Namba moja, vimiminika viwili tofauti kabisa. Methanoli nayo, ile sumu, ina 1.3284, chini hata ya maji, na ikichanganywa na ethanoli na maji kwa viwango mbalimbali inaweza kutua kwenye namba yoyote ya kawaida. Kenya ilipoteza makumi ya watu mwezi Mei 2014 kwa pombe yenye methanoli. Mtu yeyote asidanganywe kwamba kifaa cha mkononi kinaweza kumlinda na hilo. Kazi hiyo ni ya kromatografia ya gesi, na ya kutonunua pombe isiyojulikana imetoka wapi.

Hospitalini refraktomita ndogo husoma uzito mahususi wa mkojo, ambao kwa kawaida huwa kati ya 1.005 na 1.030. Daktari anapata fununu ya jinsi figo zinavyokoleza mkojo. Gramu moja ya glukosi katika desilita huongeza karibu 0.004, kwa hiyo mgonjwa wa kisukari anaweza kuonekana amekoleza mkojo kumbe ni sukari tu. Na mkojo wa aliyepigwa picha kwa dawa ya kuonyesha mishipa unaweza kusoma zaidi ya 1.040. Wakimbiaji wa Iten na Eldoret wanakijua kifaa hiki kwa sababu nyingine. Kanuni za WADA, shirika la kimataifa la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, zinataka sampuli ya mkojo yenye mililita 90 au zaidi isome angalau 1.005 kwenye refraktomita, na ikifika mililita 150 inaruhusiwa 1.003. Mwanariadha aliyekunywa maji mengi baada ya mbio, mkojo wake ukawa mwepesi, husubiri na kutoa mwingine, hata iwe usiku.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaitumia skeli ya Brix kupima dang'a, maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, ambamo sukrosi haimo hata chembe. Brix 22 au zaidi inalingana na takriban gramu 50 za kingamwili katika lita, kiwango kinachohitajika kumlinda ndama. Protini ndizo zinazopinda mwanga, na watafiti wakaoanisha namba na kingamwili. Ni matumizi ya kijanja, na yanafaa kwa sababu tu uhusiano huo ulipimwa kwanza kwa dang'a halisi. Kinyume chake ni refraktomita nyingi za chumvi zinazouzwa kwa wafuga kamba na samaki: zimetengenezwa kwa jedwali la chumvi ya mezani, wakati bahari ina magnesiamu, salfati na mengineyo. Maji ya bahari yenye chumvi 35 kwa elfu husomeka kwenye vifaa hivyo kama 36.5. Kwa samaki wengi si neno, kwa maabara ya vifaranga ni kosa la kusahihishwa.

Kwenye viwanda vikubwa hakuna anayedondosha tone. Refraktomita hufungwa kwenye bomba lenyewe, kioo chake kikigusa kimiminika kinachopita, na namba hutumwa kwenye chumba cha udhibiti kila sekunde. Soda huchanganywa hivyo, nyanya hukolezwa hivyo mpaka ziitwe rojo, ambayo Codex inaitaka iwe na angalau asilimia 24 ya vilivyoyeyuka. Mahali ambapo kifaa hiki kinabeba roho za watu ni viwanda vya karatasi vya njia ya kraft, aina ya kile cha Mgololo, Mufindi. Mbao zikishapikwa kwa kemikali, hubaki maji meusi yenye utomvu, ambayo hukolezwa na kuchomwa kwenye tanuri ili kurudisha kemikali. Chini ya tanuri kuna chumvi zilizoyeyuka kwa moto. Maji meusi yanayopuliziwa ndani yakiwa hayajakolea vya kutosha, maji yaliyomo hukutana na chumvi hizo na kulipuka kwa nguvu za kubomoa jengo. Miongozo ya usalama ya Marekani inataka upuliziaji ukatwe wenyewe pale vitu vikavu vinaposhuka chini ya asilimia 58, na zinazotoa amri ni refraktomita mbili zinazofuatana kwenye bomba, moja ikiikagua nyingine. Wahandisi hao wanafahamu kwamba namba moja kutoka kifaa kimoja haitoshi kuweka maisha juu yake.

Ningetaka desturi hiyo ya kukagua namba ishuke hadi kwenye kituo cha kununulia mazao. Makosa mengi ya kila siku ni madogo na yana dawa. Kioo kilichobaki na utando wa asali ya jana. Sampuli ya embe iliyochukuliwa upande mmoja wa tunda, wakati utamu haulingani pande zote. Nyuzinyuzi za nanasi ambazo hazijachujwa, zinazofanya mpaka uwe na kingo mbili. Kifaa kilichosawazishwa kwenye ubaridi wa Njombe na kutumika kwenye joto la Dar es Salaam: maji safi peke yake, kutoka nyuzi 20 hadi 30, husogea kwa Brix 0.7 hivi, tofauti ya kutosha kukataa lori la machungwa. Kusawazisha upya kwa maji yaliyo kwenye joto lile lile la kazi huondoa sehemu kubwa ya kosa hilo, bila gharama yoyote.

Kuna pia pengo la kiutaratibu. Shirika la kimataifa la upimaji wa kisheria, OIML, limeshaandika mapendekezo juu ya vifaa hivi: R 108 kwa sukari ya maji ya matunda, R 124 kwa maji ya zabibu, na R 142 la mwaka 2008 kwa refraktomita za kujiendesha, likieleza zikaguliwe vipi na kwa vimiminika gani. Kwa hiyo ujuzi wa ukaguzi upo. Mkulima wa Tanzania amezoea kuuliza kama mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo, na mnunuzi asiye na stika huona aibu. Refraktomita inayoamua bei ya mzigo ule ule haiulizwi hivyo. Aulizwe mnunuzi mara ya mwisho imekaguliwa lini, na kwa kimiminika gani. Atoe tone la maji au mafuta ya rejea mbele ya muuzaji kabla ya kupima mzigo. Joto liandikwe kwenye risiti pamoja na Brix au asilimia ya maji. Na sampuli ya pili ifungwe na kuwekwa mpaka malipo yakubaliwe. Vyama vya ushirika vya wafuga nyuki na wakulima wa miwa vina uwezo wa kununua kifaa chao, kwani kile cha mkononi si ghali ukilinganisha na pipa moja la asali lililokataliwa. Chama kikiwa nacho, pamoja na jedwali lake na mtu mmoja aliyefundishwa kulisoma, mazungumzo ya bei yanaanza na namba mbili mezani, ya mnunuzi na ya muuzaji, na zikitofautiana kuna sababu ya kutafutwa: joto, sampuli, kioo kichafu, au miwa iliyochelewa kwenye foleni.